Mvua Iliyoishia Juu

Jumatatu, Machi 9

Mtambo umesimama. Byron, fundi wa mradi kutoka Homa Bay, ameshinda akipanda na kushuka ngazi nyuma ya maabara, akinituma spana kana kwamba mimi ni mwanafunzi wake. Alasiri akakaza boliti ya mwisho, akanikabidhi funguo za ua na kuondoka bila kunywa chai. Ana maringo, lakini kazi yake ni safi.

Ni sahani ndogo, kama ile ya televisheni, ila imelazwa chali ikitazama mbinguni. Inarusha mawimbi juu. Matone ya mvua yanayatawanya mawimbi hayo huku na huku, na yale machache yanayorudi chini ndiyo yanayotuambia mvua iko wapi na ni nzito kiasi gani. Kando yake kuna kifaa kingine kinachopima kila tone linalofika chini. Huko juu kabisa nako hupita setilaiti yenye rada ya namna hiyohiyo, ila yenyewe inatazama chini. Kazi yangu mimi Moraa, mwalimu wa fizikia wa shule ya kutwa hapa Uriri, ni kulinganisha inachokiona setilaiti na tunachokiona sisi. Nikikamilisha masika haya bila pengo, chuo kikuu kitanipa nafasi ya kusomea shahada ya pili. Hilo nimelisubiri tangu nilipoanza kushika chaki.

Levi alibaki nami mpaka jua likashuka. Levi Ochieng anafundisha historia, na ndiye aliyenipokea nilipohamishiwa hapa kutoka Nyamira nikiwa sijui hata kusalimia kwa Dholuo. Sasa nasalimia, naagiza samaki, basi. Mengine ananisaidia yeye. Kanisani tunakaa benchi moja na watu wameacha kuuliza.

"Kwa hivyo tone likiwa kubwa, mwangwi unakuwa mkubwa?" akaniuliza.

"Upana wake ukiongezeka mara mbili tu, mwangwi unaongezeka mara sitini na nne."

Akapiga mluzi. "Kumbe tone moja nono linasikika kuliko umati wa matone membamba. Hiyo ni siasa kabisa, Moraa."

Mwaka ujao anataka kugombea uwakilishi wa wadi. Simwoni akishindwa. Ana akili, na anapouliza swali husubiri jibu.

Jumanne, Machi 10

Jua. Mtambo unafanya kazi.

Jumatatu, Machi 16

Nilikwenda kusaga mahindi sokoni. Mwenye kinu, Mzee Nicodemus, alizima mashine watu wote wakiwa kwenye foleni, akapangusa unga kwenye nyusi na kuniita.

"Wewe ndiye Madam wa ile kitu ya shule?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi siitaki. Nakwambia mbele ya watu ili kesho usiseme nilikusema nyuma."

"Ina ubaya gani?"

"Sijui. Ndiyo maana siitaki."

Akawasha mashine tena. Watu walicheka. Nilirudi na unga wangu nikiwa na hasira ambayo haijaisha hata sasa. Levi ananiambia nimpuuze, mzee huyo alipinga hata nguzo za umeme.

Alhamisi, Machi 19

Wingu zito upande wa Rongo. Limepita. Mama Rispa, mwenye nyumba wangu, alipanda wiki jana kwa kuamini wingu kama hilo. Kila asubuhi anafukua mbegu mbili tatu kwa kidole kuangalia kama zimechipuka, halafu anazifunika kwa udongo polepole kama anayefunika mtoto.

Jumapili, Machi 22

Hakuna.

Ijumaa, Machi 27

Leo nimeona jambo ambalo nimekuwa nikilifundisha kwa chaki tu.

Setilaiti ilipita juu yetu juzi alasiri na picha imefika leo. Inaonyesha mvua juu ya Uriri! Pazia la manjano na wekundu linaning'inia juu ya shule yetu. Nikafungua rekodi za mtambo wetu, nao uliiona mvua hiyohiyo kutoka chini. Lakini kifaa cha kupima matone hakikupokea hata moja. Mvua ilianza kushuka, ikakutana na hewa kavu iliyotanda juu ya mashamba, na hewa ikainywa yote kabla haijagusa ardhi. Setilaiti peke yake isingeyajua hayo. Karibu na ardhi haioni vizuri, kwa sababu ardhi yenyewe inarudisha mwangwi mkubwa unaofunika mwangwi wa matone. Kama si mtambo wetu, picha ile ingeandikwa kwamba Uriri ilinyeshewa.

Nilikimbia nyumbani kwa Levi na kompyuta mkononi. Nilikuwa nimefurahi, na sasa naona aibu kidogo, maana nilifurahia mvua ambayo haikumfikia mtu.

"Ilikuwepo, Levi! Ilikuwa juu ya vichwa vyetu. Haikufika tu."

"Juu ya shule?"

"Juu ya shule kabisa. Tazama, hapa ndipo ilipoishia."

Aliitazama picha muda mrefu. Akaniomba nimweleze tena tangu mwanzo, nikamweleza, kuhusu mawimbi na namna yanavyotawanywa, na kuhusu hewa kavu. Sijawahi kuwa na mwanafunzi msikivu kama yeye.

Jumatatu, Machi 30

Mahindi ya Mama Rispa yameota nusu shamba. Yamejikunja majani kama sigara.

Jumatano, Aprili 1

Chifu aliitisha baraza hapa shuleni. Watu wana hofu na sina haki ya kuwalaumu. Mvua imenyesha Rongo, imenyesha mpaka Kehancha, imeturuka sisi. Wanauliza kama hicho chuma cha shule ndicho kinachofukuza mvua: kilisimamishwa Machi, na tangu Machi hakuna tone. Mradi ulileta mtambo bila kumweleza mzazi hata mmoja, sembuse kuomba ruhusa. Ningekuwa mimi nimezika mbegu zangu kwenye vumbi, ningeuliza swali hilohilo.

Mabaraza hapa huenda kwa Dholuo, na kina mama wengi wazee hawafuati Kiswahili vizuri. Levi akajitolea kunitafsiria. Naandika maneno yangu kama nilivyoyasema: "Mtambo huu hautawanyi mvua. Mvua ndiyo inayotawanya mawimbi ya mtambo. Mawimbi yenyewe ni dhaifu kuliko ya simu iliyo mfukoni mwako."

Levi akatafsiri. Dholuo yake ilikuwa ndefu kuliko Kiswahili changu, lakini yeye ni mtu wa maneno. Watu waliguna. Kwenye viti vya mbele wachache waligeuka wakatazamana. Mama Rispa, aliyekaa mbele kwa heshima yangu, alikuwa anatazama viganja vyake. Mwisho walimpigia Levi makofi.

"Wamesemaje?" nikamuuliza tulipokuwa tunarudisha viti.

"Wametulia. Usijali."

Ijumaa, Aprili 3

Shule zimefungwa. Nimebaki kwa ajili ya mtambo. Muuza nyanya hakuitikia salamu yangu. Labda hakusikia.

Jumapili, Aprili 5

Pasaka. Jua kali.

Jumatano, Aprili 8

Asubuhi nilikuta waya wa ua umekatwa na sahani imejazwa kinyesi cha ng'ombe hadi pomoni. Nilipiga simu kwa Levi, akaja na ndoo na sabuni. Alikunja mikono ya shati lake jeupe, akaosha na mimi bila kuona kinyaa. Nililia kidogo, akanipa leso yake.

"Watachoka," akasema. "Mimi niko." Halafu, kama mtu anayeongea na ndoo, akasema kwamba mavuno yakipita angependa kwenda Nyamira na wajomba zake kumwona baba yangu, kama sina neno.

Sina neno. Niliosha sahani ile ikawa nyeupe kuliko ilivyoletwa.

Jumamosi, Aprili 11

Sabato. Mahubiri yalihusu Eliya na wingu dogo kama kiganja. Watu wengine waligeuka kunitazama.

Jumanne, Aprili 14

Homa Bay. Nilikuja kuhamisha rekodi kwenye ofisi ya mradi. Chumba chenyewe ni kimoja tu, juu ya duka la nyavu, na dirisha lake linatazama ziwa. Byron alikuwepo. Alinikaribisha kiti, akasimama dirishani, akakaa, akasimama tena.

"Madam, unafuata Dholuo?"

"Kidogo sana."

"Kuna kitu kinazunguka kwenye simu za watu tangu Jumapili. Nilidhani umeshakisikia."

Akaweka simu yake mezani. Ilikuwa sauti ya redio, kipindi cha jioni cha Migori. Niliitambua sauti ya Levi kabla sijaelewa neno. Nikasikia jina langu. Nikasikia neno *koth*, mvua, tena na tena. Byron alikuwa anatazama meza.

"Nitafsirie," nikasema. "Neno kwa neno, usipunguze."

Alitafsiri kwa sauti ya chini, bila maringo yoyote.

"Anasema, mimi nimekaa na huyo mwalimu. Amenionyesha kwa kompyuta yake mwenyewe. Mvua yenu ilikuja. Ilikuwa juu ya shule kabisa. Mawimbi ya ile chuma yakaitawanya, haikufika chini. Anasema, si mimi ninayesema haya, ni yeye. Aliyasema hata mbele ya baraza, na mimi ndiye niliyewatafsiria."

"Endelea."

"Anasema kiongozi ni yule anayeona mateso ya watu wake. Kwamba hata asipokuwa na cheo, ataiondoa hiyo chuma kabla mwezi haujaisha."

Nilimwomba arudie tangu mwanzo, nikifikiri labda Dholuo ina neno moja lenye maana mbili. Akarudia. Nikamuuliza juu ya neno lile, kutawanya. Akasema hapana, Madam, maana iko wazi. Aligeuza tu nani anamtawanya nani.

"Na pale kwenye baraza," nikasema, "kulikuwa na watu wanaojua Kiswahili."

"Basi hao walisikia hotuba mbili."

Alishuka dukani akaniletea soda, akaiweka mbele yangu na kuendelea na kazi yake. Nilikaa na chupa ile mpaka ikapata joto.

Jumatano, Aprili 15

Mama Rispa alikuwa barazani anachambua maharagwe. Nilikaa kando yake kama ninavyokaa siku zote, nikachukua sinia upande wangu, nikachambua naye kwanza.

"Mama, siku ya baraza Levi alisema nini?"

Vidole vyake havikusimama. "Si alitafsiri."

"Alitafsiri nini?"

Kuku alipanda kwenye kibaraza, akamfukuza. "Nyathina," akasema, mwanangu, ndivyo anavyoniita, "mimi si kiziwi. Wewe ulisema yako na yeye akasema yake. Tulisikia, sisi wote tuliokaa mbele."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini? Nisimame mwanamke mjane, nimwambie mtoto wa Ochieng mbele ya chifu kwamba anadanganya?"

"Ungeniambia mimi. Hapa. Tunakula sahani moja kila jioni."

Ndipo akaniangalia. Sikuona aibu machoni mwake, na hilo ndilo linaloniuma hata sasa ninapoandika. Niliona uchovu tu.

"Nyar Kisii," akasema, binti wa Kisii, "wewe wakikukataa Uriri utapanda gari uende kwenu. Mimi kwetu ni hapa. Shamba langu limepakana na la baba yake Levi. Mvua isiponyesha nitaomba unga kwa nani? Kwa hiyo sahani yako?"

Nikamaliza maharagwe ya upande wangu. Sikujua niende wapi, chumba changu kiko ndani ya ua wake.

Alhamisi, Aprili 16

Nilimkuta Levi darasani akipanga viti kwa mkutano wa vijana. Alipoona uso wangu hakujifanya hajui, na hapo namheshimu.

"Umesikia," akasema.

"Kwa Byron. Ulipaswa kuniambia wewe."

"Kaa, Moraa."

"Nitasimama."

Akakalia dawati, akazungusha kipande cha chaki mkononi. Alisema watu walikuwa wanakwenda kuuvunja mtambo hata hivyo. Alisema mtu mwenye njaa haelezwi fizikia, anapewa kitu cha kufanya. Watu hawawezi kuondoa jua, lakini chuma wanaweza, na atakayewaongoza kukiondoa kwa amani watamkumbuka. Alikuwa ameyapanga vizuri kama maelezo ya ubaoni. Nikamuuliza kuhusu Machi 27, siku niliyomkimbilia na picha.

"Ulikuwa umeshaamua siku ile?"

"Siku ile hapana. Siku ile nilikuwa nakusikiliza."

"Na kwenye ndoo? Ulipokuwa unaosha kinyesi na mimi? Ulikuwa umeshakwenda redioni?"

"Walinirekodi siku iliyotangulia." Akasema haraka, "Yale ya Nyamira nilimaanisha."

"Levi, ule mtambo ni shahada yangu."

"Ni chuma, Moraa. Mradi utakupa kingine. Kiti ni miaka mitano. Nilijua kati ya watu wote, wewe utaelewa."

Anaamini. Angekuwa anadanganya hata sasa, ningeweza kumzomea. Aliniangalia kama mtu anayesubiri nimalize hasira zangu ili tuendelee na mipango.

Ijumaa, Aprili 17

Mwalimu mkuu amepiga simu. Mtambo uondolewe kabla ya damu kumwagika. Ofisi ya mradi imekubali. Hakuna aliyeniuliza.

Jumatatu, Aprili 20

Walikuja mchana wakiimba. Levi mbele, shati jeupe, mikono nyuma. Nilikuwa nimewasha mtambo mpaka dakika ile. Sikutaka kuuzima kabla sijalazimishwa.

Alihutubia kidogo kwa Dholuo. Sikuomba tafsiri. Nikachukua spana na kupanda ngazi mwenyewe, maana sikutaka mkono mwingine uiguse sahani ile. Boliti ya pili ilipolegea, vijana wa nyuma walianza kurusha mawe. Moja likagonga mlingoti karibu na kichwa changu. Nikamtazama Levi. Aliinua mkono kuwatuliza, lakini aliuinua taratibu, kama anayepungia gari.

Aliyepita katikati yao ni Mzee Nicodemus, mweupe kwa unga kama kawaida, akiliendesha gari lake bovu la kubebea magunia moja kwa moja hadi kwenye ua, honi ikilia mfululizo. Alilisimamisha kati yangu na wao, akashuka.

"Nilisema itoke," akawaambia kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie. "Nilisema mbele yenu wote. Kuna mtu alinisikia nikisema ivunjwe? Nani amewalipa mrushe hiyo mawe?"

Akanigeukia, "Madam, fungua. Mimi nashika huku."

Tukafungua wawili. Tulipokuwa tunaiweka sahani juu ya magunia, nilimuuliza kama yeye pia alisikia hotuba zile mbili siku ya baraza.

"Nilisikia yako. Ya Levi nilisikia ni uongo."

"Lakini bado unataka iondoke."

"Yako pia sikuiamini." Akafunga kamba. "Lakini ilikuwa yako."

Baadaye, jioni

Imenyesha.

Mtambo haujatoka hata Uriri. Uko kwenye stoo ya Nicodemus chini ya turubai, Byron ataufuata kesho. Lakini saa kumi na moja mbingu upande wa kwetu, upande wa Gusii, zilikuwa nyeusi tititi, upepo ukaja na harufu ya udongo, na mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati mpaka sikuweza kusikia mawazo yangu. Kisha mawe yakaisha, ikabaki mvua, nzito, iliyonyooka.

Barabarani wanapiga vigelegele na kuita jina la Levi. Mama Rispa alitoka uani bila viatu, akanyoosha mikono, nguo imemganda mwilini, analia na kucheka. Akaniita, "Njoo, nyathina! Njoo uoge baraka!" Nilikuwa mlangoni. Na mimi nilikuwa nimeiomba mvua hii, kila siku, kwa ajili ya yale mahindi yake yaliyojikunja. Nilifurahi. Nilichukia kufurahi. Sikutoka.

Jumanne, Aprili 21

Nimefunga virago. Mama Rispa alinipikia chai ya safari, nikainywa.

Jumanne, Mei 12

Homa Bay. Nimepewa likizo ya muhula na nalala chumba cha nyuma cha ofisi. Chuo kikuu kimeandika kwa upole. Masika yangu yana pengo katikati, nafasi amepewa mtu wa kisiwa cha Mfangano ambaye kituo chake hakikuzimwa. Ninamsaidia kusoma rekodi zake. Ni msichana mzuri, sina la kumlaumu.

Leo nilikuwa napitia picha za setilaiti za mwezi uliopita na nikakuta imepita Aprili 20, adhuhuri. Adhuhuri ile, wakati tunasikia nyimbo zao kwa mbali na mtambo wangu ukiwa bado unawaka, dhoruba ilikuwa tayari imesimama juu ya Transmara, mashariki ya Uriri, ndefu kama mnara, na ukingo wake wa magharibi unaelekea kwetu. Mvua ilikuwa njiani.

Niliitazama sana. Sikumwita Byron.

Jumatatu, Mei 18

Baba amepiga simu. Wajomba wa Levi walikwenda Nyamira jana na yeye mwenyewe, wamevaa suti. "Mbona hukutuambia? Mtu mwenye heshima kama huyu." Nikamwambia awape chai wakirudi na asiwape jibu lingine lolote.

Jumapili, Mei 24

Levi amekuja. Alibisha hodi akiwa ameshika mfuko wa mapapai. Amenenepa kidogo usoni. Alisema amekuja kuomba radhi, akaiomba vizuri, bila kujitetea kama siku ile, na nilipokuwa namsikiliza nilisikia kitu kikianza kulegea ndani yangu. Basi nikafungua kompyuta. Sijui kwa nini. Labda nilitaka aone pamoja nami, kama zamani.

Aliinama karibu na kioo. Alisoma tarehe, akasoma saa. Kisha akaweka kidole chini ya ule mnara.

"Mbona mwangwi unaingia chini ya ardhi?"

Nilitabasamu bila kutaka. Ni swali ambalo hata wanafunzi wa chuo hawaliulizi.

"Ni mawe. Wimbi likiingia kwenye mvua ya mawe halirudi moja kwa moja. Linagonga jiwe hili, linarushwa kwa lile, na jingine, linachelewa humo ndani. Rada inajua kitu kimoja tu, kwamba kilichochelewa kimetoka mbali. Kwa hiyo inakichora chini, mahali ambapo hakuna kitu."

"Kumbe." Akatikisa kichwa kwa mshangao wa kweli. Kwa muda huo mfupi alikuwa yuleyule wa Machi, na nilimpenda, sitadanganya karatasi yangu mwenyewe.

Halafu akanyooka.

"Nani mwingine ameiona?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia, kwa upole, akifunga mfuko wa mapapai uliokuwa umelegea.

"Picha za setilaiti ziko wazi kwa dunia nzima," nikasema. "Yeyote anaweza kuifungua."

"Ndiyo, lakini pale Uriri. Nani anaweza kuisoma?"

"Uriri nzima ni mtu mmoja tu. Nilimfundisha mwenyewe."

Akashusha pumzi. Akatabasamu, akanishika bega. Alidhani nimemwahidi kitu.

"Asante, Moraa," akasema. "Nilijua."

Nilimrudishia mapapai yake.

Ijumaa, Mei 29

Nimeongea redioni Migori, kipindi kilekile cha jioni. Mtangazaji aliniuliza kama ningehitaji mtafsiri. Nikakataa. Nilisema kwa Kiswahili chepesi kile nilichokisema kwenye baraza, kisha nikasema kile kilichotafsiriwa, kisha nikasema adhuhuri ya Aprili 20 dhoruba ilikuwa wapi. Sikumtukana mtu. Nilisema pia kwamba walikuwa na haki ya kuuliza, na kwamba mradi ulifanya vibaya kuja bila kuwauliza.

Simu zikafunguliwa. Mwanamke mmoja akasema picha ni picha, yeye alichoona ni chuma kushuka na mvua kushuka. Mwingine akasema Wakisii wana wivu. Kijana mmoja akaimba wimbo wa kampeni wa Levi mpaka wakamkata. Kisha ikaingia sauti yenye ngurumo ya kinu nyuma yake.

"Mimi ni Nicodemus wa Uriri. Ile kitu bado siitaki. Lakini nilikuwa kwa baraza. Madam alisema hivyo alivyosema sasa, na Ochieng akatafsiri uongo. Wako wengine walisikia, wanajijua. Wapige simu."

Akakata.

Mtangazaji akataja namba tena, akaitaja mara nyingine. Mama Rispa hapitwi na kipindi hiki. Redio yake ndogo hukaa kwenye dirisha la jikoni, na jioni hizo zote tulikuwa tunakisikiliza pamoja, yeye ananieleza nani amefiwa na nani ameibiwa ng'ombe. Nilijua amekaa pale. Nilikaza vipokea sauti masikioni na kusubiri sauti yake.

Zikaingia simu nyingine za salamu. Ukapigwa wimbo. Kipindi kikaisha, na mtangazaji akanipa mkono.

Hakupiga.